Shuka Penye Daraja la Miti

Bweni la Wanawake, Mlimani
Dar es Salaam
27 Machi, 1975

Mwenyeji wangu Dominika,

Basi lako nadhani halijafika hata Morogoro na mimi nimeshakaa mezani kukuandikia. Cheka tu. Bweni limekwisha watu. Asubuhi ngazi zilijaa masanduku, wasichana wanapigana vikumbo na kuagana kana kwamba hawataonana tena. Sasa hivi nasikia ndala zangu mwenyewe. Nikisimama, nazo zinanyamaza.

Mama Kulsumu wa jikoni ameniuliza, "Wewe mwanangu, huna kwenu?" Nikamwambia ninako, ni Lesotho, ila kufika huko lazima nipite nchi ya Makaburu, na Makaburu wakiona mhuri wa Dar es Salaam kwenye pasi yangu, safari itaishia kwao. Akasema, "Maskini," akaniongezea maharage. Huu ni mwaka wa tatu naongezewa maharage.

Ndiyo maana naikumbuka siku ile mlezi wa bweni alipotugawa, kila mwanafunzi mgeni na mwenyeji wake. Wenzangu walipewa wenyeji wa mjini, wakapelekwa sinema. Mimi nikapewa msichana wa Sumbawanga ambaye Dar inamtisha kuliko inavyonitisha mimi. Tulivuka barabara tumeshikana mikono kama vipofu wawili! Mlezi alisema kazi ya mwenyeji ni kumfundisha mgeni Kiswahili na kumfikisha nyumbani kwao walau mara moja. Kiswahili umenipa, hata ndoto naota kwa lugha yenu. Nyumbani ni Juni hii. Usiniambie umesahau.

Mimi sijasahau. Nipande basi la kutoka Tunduma, nimwambie kondakta anishushe penye daraja la miti. Nifuate kijito mpaka nione mikaratusi mitatu juu kilimani, maana kwenu hakuna miti mingine ya kunichanganya. Chini yake kuna nyumba, nyuma ya nyumba kihenge. Mama yako atapiga magoti na kupiga makofi kunisalimu, nami nisione haya, nifanye vilevile. Atanipa kigoda. Nikae, nisiguse kitu, maana kwenu mgeni haokoti kuni. Ila siku mama atakaposema bila hata kunitazama, "Kuni zimeisha," basi nijue nimekuwa mtoto wa nyumba ile. Umenisimulia hayo mara nyingi kitandani kwako, ukilia kidogo ukidhani sioni.

Dominika, ni muda mrefu hakuna mtu aliyenituma kuni. Msalimie mama. Mwambie Juni.

Mgeni wako,
Puseletso


Dukani kwa Mzee Muhidin
Sumbawanga Mjini
14 Aprili, 1975

Puseletso wee!

Yaani hata matope sijajikwangua, barua imeshanitangulia! Mama Mwantum, mke wa Mzee Muhidin, ndiye anayetutunzia barua sisi watu wa vijijini. Akaiinua juu dukani watu wote waone: "Dominika, mchumba wako ana mwandiko mzuri!" Nikamwambia ni mchumba wa Kisotho huyo, mahari yake mablanketi. Duka zima likacheka.

Safari usiulize. Baada ya Laela basi lilinasa, tukashuka, tukasukuma. Hata padri alivua viatu akakunja kanzu.

Nyumbani wazima wote. Baba amekuwa mjumbe wa nyumba kumi, sasa hasemeki, hata kukohoa anakohoa kiserikali. Mdogo wangu Flavian anasoma shule mpya kabisa, ya mabati. Kuna bomba la maji. Maendeleo, wewe acha tu. Mama yupo, anashinda shambani, anakusalimu.

Kuhusu Juni, tuone. Barabara mbaya sana mwaka huu. Usikate tiketi kwanza mpaka nikuandikie.

Mwenyeji wako,
Dominika


Mlimani
2 Mei, 1975

Mwenyeji wangu,

Nimeisoma barua yako mpaka imelegea mikunjo. Imejaa bomba na mabati, nimefurahi kwa ajili ya Flavian. Lakini mikaratusi haimo, kihenge hakimo, na mama amepewa mstari mmoja tu. Wewe ambaye ukianza habari za mama chai inapoa! Kuna nini huko?

Mimi nipo. Ukumbi wa chakula wamefunga, Mama Kulsumu anatupikia wageni wachache tuliobaki, na kila mtu anakula akitazama sahani yake. Jumapili nilikwenda mjini, nikasimama posta, nikarudi. Sikuwa na barua ya kutuma, nilitaka tu kusimama kwenye foleni na watu.

Nimekwishafua blanketi langu la nyumbani, lile ulilosema lina rangi za bendera isiyojulikana. Nitamletea mama. Huku joto linanitoa roho, na wewe uliniambia kwenu Juni mtu akitema mate anayaonea huruma kwa baridi. Kwetu ndivyo, Juni hivyohivyo. Nataka nitetemeke kidogo, Dominika. Niandikie tarehe.

Puseletso


Sumbawanga
19 Mei, 1975

Mpenzi Puseletso,

Samahani kwa kuchelewa. Mama hajisikii vizuri. Si ugonjwa wa kitanda, ila hajisikii vizuri. Na mavuno ndiyo yanaanza, watu wote wako mashambani, hutakuwa na wa kuzungumza naye. Nimefikiri ni heri tungoje mwakani, mambo yatakuwa yametulia.

Halafu tuseme kweli, wewe sasa umezoea umeme na kitanda cha springi, huku utalala wapi? Utateseka bure.

Usikasirike, tafadhali. Mama Mwantum anakusalimu, anauliza harusi lini.

Dominika


Mlimani
3 Juni, 1975

Dominika,

Nimezaliwa katika nyumba ya udongo. Sakafu yake nilikuwa naikandika mimi kwa mikono hii tangu nikiwa mdogo. Hilo unalijua, nimekusimulia. Kwa hiyo habari ya springi si yako, umeiazima mahali.

Nimekaa na barua yako wiki nzima nikijaribu kuisoma upande mzuri, nimeshindwa. Mwezi wa tatu ulisema njoo. Wa nne ukasema tuone. Wa tano ukasema mwakani. Kama baba yako mjumbe hataki mtu wa nchi nyingine nyumbani kwake, sema. Kama mama amesikia kuwa mimi si Mkatoliki, sema. Na kama ulikuwa mwenyeji wangu kwa sababu tu mlezi wa bweni alisoma majina yetu pamoja, basi sema hivyo pia, nitakushukuru kwa Kiswahili na hadithi itaishia hapo.

Ninachokiomba si kikubwa. Nataka niingie katika nyumba yenye mama ndani yake. Yangu siwezi kuifikia. Yako ulinipa wewe mwenyewe, sikuiomba, na sasa unaninyang'anya bila hata kuniambia kosa langu.

Puseletso


Sumbawanga
17 Juni, 1975

Puseletso,

Nimesoma barua yako nimesimama palepale dukani, Mama Mwantum akanitolea kiti. Hakuna aliyekukataa. Nyumba haipo.

Mwaka jana, baada ya mavuno, mimi niko huko Mlimani nakusimulia habari za kihenge, malori ya operesheni yalikuja Kapemba kwetu. Watu wote wa kilimani wakaambiwa washuke barabarani, wakae pamoja, wapate shule na maji. Na kweli wamepata, sisemi uongo. Lakini ili mtu asirudi juu, mapaa yaliezuliwa. La kwetu pia. Baba mwenyewe alishika ngazi. Mimi nimekuta tu kibanda cha chumba kimoja kwenye mstari wa vibanda, tunalala kama mahindi kwenye gunia.

Baba amekubali, amechangamka hata. Mama hapana. Kila alfajiri anajitwika chungu, anapanda kilimani, anapika kwenye mafiga yake mle ndani ya kuta zisizo na paa, jioni anashuka na chakula kichwani. Kijiji kizima kinamwona. Baba amesemwa mkutanoni: mjumbe gani ambaye moto wake uko kilimani? Tangu siku hiyo hawazungumzi. Mama anasema, "Mgeni wa Dominika nilimwalika kwangu, nitampokelea kwangu." Ulezi wa pombe yako ameuweka kando na hataki uguswe, hata tulipopungukiwa.

Mimi nikaona aibu. Nilikueleza nyumba kubwa, nikuonyeshe nini? Magofu, na mama anayechekwa? Nikadhani nikikuchelewesha atachoka, atashuka, tutajenga, ndipo uje. Mimi mwenyewe sijapanda huko hata mara moja tangu nirudi. Siwezi. Nikitazama upande ule naiona mikaratusi, nageuza shingo.

Na mama ananilipa, Puseletso. Kila nikiingia kibandani ananisogezea kigoda. Ananiambia, "Karibu, keti." Mimi! Nikishika ufagio ananinyang'anya taratibu, kwa heshima. Tangu nirudi hajanituma kuni.

Naona barua hii itachelewa na wewe utazidi kuumia. Nakuja mwenyewe nikwambie uso kwa uso. Zubery, mtoto wa Mzee Muhidin, anaondoka kesho na lori kupitia Namanyere mpaka Mpanda, na Mpanda nitapanda treni. Usiende popote. Ningoje.

Dominika


Mlimani
28 Juni, 1975

Kwa Puseletso, popote ulipo huko kwetu,

Natuma hii kwa Mzee Muhidin, labda itakufikia. Wewe mtu wewe! Nimefika bwenini nimechakaa, nagonga mlango wako, kimya. Mzee Lukmani bawabu ananiambia: "Yule mgeni wako? Ameshaondoka. Amejifunika blanketi joto lote hili, namuuliza unaumwa, anasema hapana, nakwenda kwa mwenyeji wangu." Umepita Mbeya na Tunduma, mimi nimepita Mpanda na Tabora. Na barua yangu ya kukueleza yote imefika kabla yangu, iko hapa kwenye kisanduku chako, haijafunguliwa. Kwa hiyo umekwenda bila kujua kitu. Ee Mungu wangu. Utashuka darajani hakuna mtu, utapanda mpaka juu, utakuta kuta.

Ningegeuka leoleo, lakini homa imenikamata tangu Tabora, mwili unatetemeka, zahanati wamenipa kwinini na kunikataza safari. Nimelala chumbani kwangu. Bweni zima ni mimi. Nimezisikia ndala zangu, Puseletso. Nimejua sasa ulichokuwa unaniandikia, na mimi nakujibu habari za bomba.

Leo nimejikongoja jikoni. Mama Kulsumu akanitazama hivi nilivyokonda, akaniuliza, "Wewe mwanangu, huna kwenu?" Nikamsogezea sahani tu. Akaniongezea maharage.

Dominika


Kapemba, kilimani
4 Julai, 1975

Dominika,

Umeniambia uongo mwingi mwaka huu, lakini njia ulinielekeza kweli tupu.

Kondakta aligoma kunishusha. "Dada, hapo hapana watu tena, watu wako mbele, kijiji kipya." Nikamwambia mwenyeji wangu amesema daraja la miti, nishushe. Akanishusha akitikisa kichwa, abiria wakichungulia. Nilifuata kijito. Upepo ulikuwa mkali, majani yamelala, hakuna mti wala mtu, na nikafurahi kama mwendawazimu maana ilikuwa kwetu kabisa. Nikaiona mikaratusi. Halafu nikaona nyumba haina paa, nikasimama. Nilidhani kuna watu wamekufa. Nilikaribia kurudi, ila nikaona moshi.

Mama yako alitoka ndani. Alitoka mlangoni, Dominika, akiinama kidogo kana kwamba kizingiti bado kina paa juu yake. Akapiga magoti, akapiga makofi. Nami nikapiga magoti palepale kwenye vumbi na mzigo mgongoni. Akasema, "Umechelewa, mwanangu. Na mwenzio yuko wapi?" Kumbe ulikuwa umeshaondoka. Barua yako ya tarehe ishirini na nane imenifikia jana tu, Mama Mwantum kaituma kwa watu, ndipo nikaelewa kwamba tumepishana. Siku ile nilimfunika blanketi, nikakaa kwenye kigoda changu, tukatazama moto.

Hakushuka jioni ile. Alisema mgeni halazwi njiani. Asubuhi nikasikia sauti ya baba yako inapanda kilima inafoka, wewe unamjua. Akaingia mlangoni ameinua fimbo, akanikuta mimi. Basi ikabidi aiweke chini, apige makofi. "Shikamoo, baba," nikamwambia. Kisha hakujua afanye nini. Mama hakumwambia keti wala ondoka. Akatembea mwenyewe mpaka ile kona ya kushoto, akakaa, akanyoosha miguu. Hakuonyeshwa. Mama akampa uji, akanywa wote. Kesho yake alirudi na mzigo wa nyasi, akaezeka pembe moja tulale. Bado hawazungumzi sana, lakini jana amemuuliza chumvi iko wapi.

Nami nimekandika ule ukuta wa ndani. Nimechora kwa vidole kama wanawake wa kwetu wanavyochora, mistari ya matuta. Mama aliniacha, akashangaa, akasema hata akija mtu wa operesheni ataona haya kuubomoa.

Lakini utabomolewa. Mwenyekiti wa kijiji amekuja, mtu mpole, hata kofia alivua. Trekta litapita mwezi huu, kilima chote kinakuwa shamba la ujamaa. Amesema amri hawezi kuipinga, ila pombe ya mgeni inywewe kwanza. Tumeinywa Jumamosi, watu kutoka kijiji kipya wamepanda kuinywa, hata wale waliokuwa wanacheka, na baada ya kibuyu cha pili wengine walikwenda kutafuta nyumba zao wakakaa huko peke yao kidogo. Mama ametenga kibuyu kimoja, amekifunika. Nikamuuliza cha nani. Akasema, "Cha mgeni ambaye hajafika."

Ni wewe, Dominika. Usidhani amekukasirikia. Aliniambia hivi, nami nakuandikia kama alivyosema: "Wengine waliondolewa hapa kwa malori. Wangu mimi aliondoka mwenyewe."

Lazima nikueleze na hili, ingawa najua litakuuma. Asubuhi ya pili yake, mimi bado nimekaa kwenye kigoda kama ulivyonifundisha, mama alipuliza moto, akasema bila kunitazama, "Kuni zimeisha." Nilikwenda kuokota nikilia, nimerudi na mzigo mkubwa usiobebeka. Nilicholilia miaka mitatu nimekipata. Ila kilikuwa chako, na ninaona kama nimevaa nguo yako bila ruhusa. Njoo ukichukue.

Mimi masomo yakifunguliwa lazima niwepo, Zubery atanichukua na lori lake.

Puseletso


SIMU YA MAANDISHI
15 JULAI 1975
KWA MUHIDIN SUMBAWANGA
MWAMBIE MAMA NASHUKIA DARAJANI
DOMINIKA


Kapemba
25 Julai, 1975

Puseletso, ndugu yangu,

Tumepishana tena! Wewe na Zubery kupitia Mpanda, mimi kupitia Tunduma. Safari hii nimecheka, halafu nikalia, abiria mwenzangu akanipa chungwa.

Kondakta na mimi alinigomea. "Hapo hapana watu." Nikamwambia yupo mmoja. Nikashuka.

Kilima sikukitambua. Trekta limepita, udongo wote umegeuka, mweusi. Nyumba hakuna, kihenge hakuna, hata pale palipokuwa mlango sikupaona. Mikaratusi tu imebaki, na chini yake mama, amekaa amejifunika blanketi lako. Kabla trekta halijafika aliyatoa mafiga yake matatu akayahamishia pale chini ya miti. Moto ulikuwa unawaka. Pembeni yake kuna bonge la udongo la ukuta, lina mistari ya vidole vyako. Ndilo alilookoa.

Aliponiona akainuka. Puseletso, mama yangu mzazi alinipigia magoti. Akanipigia makofi kama mtu wa mbali. Nami nikapiga magoti, tukasalimiana hivyo, mgeni na mwenyeji, upepo unapiga. Akanipa kigoda. Akanifunulia kibuyu. Pombe ilikuwa imechacha, inakata ulimi, nikainywa yote kwa sababu aliitazama mpaka ikaisha.

Nilimwambia, "Mama, niliona aibu." Akasukuma kijinga motoni. Nikamwambia, "Nilidhani utachoka." Akasema, "Nimechoka." Basi, hilo tu. Tukakaa. Chini kule nikaona kijiji kipya, mabati ya shule yanang'aa, na mtu mmoja amesimama barabarani anatazama juu huku kwetu, nadhani ni baba. Nilikaa kwenye kile kigoda jua likazunguka mikaratusi, sijui mikono yangu niiweke wapi. Nilijua hapo ndipo nitakapokaa maisha yangu yote, kwa heshima, nikikaribishwa.

Masomo yameanza, najua. Mwambie mlezi wa bweni nitachelewa. Mafiga mama amekubali yashuke barabarani, lakini amesema atayabeba mtu wa nyumba, na mwenyewe mgongo haumruhusu. Sikuthubutu kuuliza mtu huyo ni nani.

Jua lilipokuwa limeshaanza kupoa, mama aliinama akapuliza majivu. Akapapasa kando yake. Kisha akasema, hata hakugeuka:

"Kuni zimeisha."

Wako,
Dominika